Likelemba ya Wamama wa Kenya: Miaka 40 na Meka 18

Wageni wanaotoka mbali wanachekaka wakisikia jina. Kenya yetu si inchi ya Nairobi. Ni komini ya Lubumbashi, jirani ya Kamalondo na Katuba, fashi kwenye soko inaamka mbele ya jua na kila lupangu iko na watu wengi kushinda vyumba. Mu hii Kenya, mwaka wa 1984, wamama 14 walikaa chini ya muti wa maembe wa mwenzao, kila mumoja akatoa franga kidogo, majina yakaandikwa mu kaye ya masomo ya mutoto. Njo mwanzo wa kikundi chetu. Mwaka wa 2024 tulifanya sikukuu ya miaka 40. Tunaoandika tuko watatu: mumoja alikuwa chini ya ule muti, wawili tuliingia nyuma, kwa fashi ya mama zetu. Jina ya kikundi hatutaitia hapa. Wenye kutujua watatujua, na tena si yote tutakayoandika ni ya kujisifu.

Watoto wetu wanasikia neno likelemba kila siku, pengine bila kuuliza inaendaka namna gani. Ni hivi. Watu, tuseme 20, wanapatana kutoa hesabu moja ya franga kila mwezi. Zile zote mutu mumoja anazibeba. Mwezi unaofuata ni mwengine, paka zamu inazunguka wote. Kiisha munaanza upya. Mwenye kupokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake bila faida hata kidogo. Mwenye kupokea wa mwisho amejiwekea akiba, na wakati ule wote akiba yake imesaidia wengine. Juu ya ile, zamu tunaichukua kwa kura, vipande vya karatasi mu sahani, na mama prezida hana ruhusa ya kuchagua. Ku Zambia ndugu zetu wanaiitaka chilimba. Banki haiko, hakimu hayuko, karatasi ya kutia sahihi haiko. Kinachoshika ile kamba ni haya: haya ya kupita mbele ya lupangu ya mutu uliyekula franga yake.

Pembeni ya likelemba kuna kese ya kilio, na kwetu ile njo moyo wa kikundi. Mwenzetu akifiwa na bwana, mutoto, mama ao baba, habari inapita lupangu kwa lupangu mbele hata maiti haijatoka hospitali. Wa kwanza kufika anafagia, anatosha vitu mu nyumba, anatandika mikeka. Unga unafika, makala, sukari, mafuta, samaki ya kukauka. Tunalala kule chini mpaka siku ya maziko na nyuma yake. Na si kwa kuimba tu: wawili wetu wanashinda wakihesabu sahani, juu mu kilio kama vile mu arusi sahani zinajua kutembea.

Hatukuivumbua sisi. Muji wetu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na watu walioujenga waliletwa ao walikuja wenyewe kutoka kila upande: Luapula, Moero, Lomami, Kasai, hata Rwanda na Burundi. Mutu akikufa hapa, ukoo wake ulikuwa mbali safari ya majuma. Nani atamuzika? Mu miaka ya 1920 na 1930 kulikuwa makundi ya michezo, Mbeni njo iliyojulikana sana, wenye kuvaa sawa maofisa na kucheza kwa mustari. Wazungu waliitazama kwa wasiwasi, lakini ndani ya ile michezo kulikuwa pia kusaidiana mu ugonjwa na mu maziko. Mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wakae na wanamuke wao mu kambi. Mama wa kambi alipata posho kwa hesabu ya watoto wake, akafundishwa kushona na kufuma mu foyer social. Mama wa cité, sawa wa Kenya, hakuwa na posho. Aliuza: vitumbula, samaki, makala, munkoyo, na usiku vingine visivyopendwa na polisi. Mwenye kuuza anahitaji franga ya kuanzia. Sisi tunafikiri njo sababu likelemba ilipata mizizi mu cité mbele ya kambi. Wenzetu wa kambi watatukatalia, tunajua. Lakini mambo ya Gécamines yalipoharibika mu miaka ya 1990, na tena kuanzia 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka kazini kwa mupango wa Départs volontaires, wengi wa wamama wale walikuja kuuliza kwetu kaye inapangwa namna gani.

Kikwembe yetu ya kwanza ya kuvaa wote ilikuwa ya Sotexki ya Kisangani, kijani na maua ya manjano. Kuna wenye wako nayo mpaka leo, imekuwa laini sawa ganda ya kitunguu. Kila nyuma ya miaka 5 tulitafuta kuvaa mupya. Mwaka wa 1994 hatukuvaa kitu.

Tuingie sasa mu jambo lenyewe. Anayefungua kaye zetu, ziko 11, ataona kitu kuanzia mwaka wa 1990. Upande wa kushoto kuna zaïre, hesabu inayokua kila mwezi mpaka zero zinatoka mu mustari. Upande wa kuume, kwa mwandiko mudogo wa sekretere wetu wa zamani, kuna paka maneno haya: "meka 2". Meka ni ile kipimo wauzaji wanapimia unga na mahindi mu soko, kila mutu hapa anaijua. Sekretere alikuwa ameacha masomo ku darasa la sita, lakini alielewa mambo mbele ya wakubwa wa banki. Zaïre ilizaliwa 1967 ikiwa na nguvu: zaïre 1 ilikuwa dola 2. Mwezi wa kumi wa 1993 serikali ikakata, zaïre 3,000,000 zikawa nouveau zaïre 1. Mwaka wa 1998 nouveaux zaïres 100,000 zikawa franc congolais 1. Mutu aliyekopesha wenzake mu 1990 na kuwadai mu 1998 kwa hesabu ya karatasi hangepata hata kipande cha sabuni. Sekretere aliona ile mapema. Alisema: "Franga inayeyuka. Meka ni meka." Tukapatana kila mumoja ataleta bei ya meka 2 za unga wa mahindi, ile bei ya siku yenyewe ya mukutano. Bila ule mwandiko mudogo, sikukuu yetu ingekuwa sikukuu tu.

Mu duru iliyoanza mwezi wa kumi na mbili wa 1991 tulikuwa 20. Zamu ya 10 ilikuwa ya mwenzetu tutakayemuita Mama Mapasa, juu alizaa mapasa na njo vile tulimuheshimu. Alizaliwa hapa hapa Kenya. Wazazi wake njo walitoka Kasai, zamani za treni na shaba. Bwana yake alikuwa amehamishwa kazi ku Likasi, kilometa 120 hivi, lakini yeye hakuacha kikundi. Kila Siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi alifika na mavumbi ya njia mu nywele, akalipa, akala bukari na sisi, akarudia. Miezi 9, hakukosa hata mumoja.

Tarehe 15 ya mwezi wa munane wa 1992, ku Kinshasa, mukutano mukubwa wa Conférence nationale ulimuchagua Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza. Kwetu Katanga ule muchaguo ulikuwa kiberiti mu nyasi za kiangazi. Ku Likasi, na mwaka uliofuata ku Kolwezi, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa mu nyumba, mu kazi, mu masomo. Waliitwa bilulu, wadudu; watoto waliimba ile neno mu njia na wakubwa hawakuwanyamazisha. Makumi ya maelfu walilala ku gare kwa miezi, wakingojea treni ya kuwapeleka inchi ambayo wengi wao hawakuiona hata siku moja. Wengi walikufa pale na mu njia.

Siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa kenda ilikuwa tarehe 6. Zamu ya Mama Mapasa. Hakuja. Tulijua juu ya nini: dereva mumoja wa lori alikuwa amemuona ku gare ya Likasi na watoto, sufuria yake kubwa yulu ya kichwa. Tulikuwa 19 chini ya muti. Wawili kati yetu walikuwa pia wa asili ya Kasai; waliangalia mikono yao muda wote. Mumoja alisema, "Tumutumie franga yake." Mwengine akajibu, "Nani atapita na ile njia?" Wa tatu akasema bwana yake alisha kumukataza hata kutaja ile mambo. Kiisha sauti moja ikasema, na hatutasema ni ya nani, juu ingeweza kuwa ya kila mumoja wetu: "Twende ku zamu ya 11." Tukaenda. Franga zikabebwa. Kwa wale wa zamu ya 1 mpaka ya 9, kila mumoja alikuwa amekula meka 2 za Mama Mapasa, na sasa hakuna mutu wa kumurudishia. Mu kaye unaona: zamu ya 10, jina yake, mustari mutupu. Sekretere hakukata jina. Aliandika tu pembeni: "meka 18".

Kwa miaka 32 hakuna mutu aliyefungua kinywa juu ya ule mustari.

Komite ya sikukuu iliundwa mwanzo wa 2024 na ugomvi ulianza siku ile ile. Kambo mumoja alikataa hata hesabu yenyewe. "Makumi ine ni siku za kilio," alisema. "Mungojee makumi ine na tano." Tukamujibu kwamba kwa umri wetu kungojea miaka 5 ni kucheza na Mungu. Nyuma ikawa kikwembe: kuna wenye walitaka super wax ya Hollande, kuna wenye walisema tununue ile ya China, juu sikukuu ni siku moja na watoto wanakula kila siku. Ya China ilishinda, rangi ya bluu. Juu ya pombe tulipoteza mikutano mitatu mizima. Wametodisti na wa Garenganze hawakutaka kuiona, Wakatolika walinyamaza kwa namna yao, na mwisho ikasemwa kwamba Simba itakuwako, lakini kila mumoja atajinunulia. Kama mwandishi wa historia atatafuta siku moja namna dini zinakaa pamoja mu Lubumbashi, asome ile procès-verbal.

Ni vijana walioleta jambo. Kati yao kuna wenye walikuwa wameenda kutazama maonyesho ya Mémoires de Lubumbashi, ile kazi iliyoanza mwaka wa 2000, kwenye watu wa muji walileta picha na vitu vya nyumbani kama ushuhuda. Wakasema: na sisi tuonyeshe kaye zetu yulu ya meza, kila mutu apite na kusoma majina. Wazo zuri, tukapiga makofi. Walienda nazo nyumbani kuzipanguza mavumbi. Mukutano uliofuata, mumoja wao, mwalimu wa sekondari, akasimama na kaye ya 1992 mu mukono, akauliza kwa heshima kabisa:

"Ba mama, meka kumi na nane ni nini?"

Hakuna aliyejibu mara moja. Mutu aliomba maji. Mama prezida akasema ni mambo ya zamani, tuendelee na orodha ya viti. Mwengine akasema kwa nguvu zaidi: "Musituletee politiki mu sikukuu." Hapo njo mumoja wa wale wawili wa asili ya Kasai, yule anayebakia, juu mwengine alisha kufa, aliongea. Mu miaka 40 hatujamusikia akipandisha sauti, na hata siku ile hakuipandisha. Alisema: "Haiko politiki. Iko hesabu."

Tukawaelezea vijana yote. Ilichukua mchana muzima, na kila mumoja alikumbuka kwa namna yake. Mumoja alikuwa hakika kwamba franga zilitumwa, kaye ikamukatalia. Mwengine alilia. Tuseme ukweli, kuna pia wenye walikasirika na vijana, juu ni rahisi kuuliza mambo ya 1992 wakati weye ulizaliwa 1995. Sisi watatu tunaoandika hatukuwaza kitu kimoja siku ile na mpaka leo hatuwazi kimoja. Mukubwa wetu anasema uoga wa wakati ule ulikuwa wa kweli: jirani alikuwa anaweza kukutaja, na nyumba yako ikapigwa mawe. Wadogo wanasema uoga unaelezea mwezi wa kenda wa 1992, hauelezei miaka 32.

Ikabakia kujua nani atalipa. Kijana wa hesabu alitaka kuongeza faida ya miaka yote, akatosha telefone kuanza kupiga. Wazee walimukataza: likelemba haina faida, na tukianza leo tutafika wapi? Meka 18, basi. Wale 9 waliokula, 4 walikuwa wangali wazima. Wengine 5 walikuwa wamekufa. Kwa 3, watoto wao walisema watalipia mama zao. Kwa 2 hakukuwa mutu tena mu muji, kese ikawalipia. Kati ya wale 4 wazima, mumoja alikataa wazi. Mwaka ule ule na yeye alipoteza duka yake ndogo, alisema, na hakuna aliyemuletea hata kijiko. Ni kweli, tunakumbuka. Alitoka mu mukutano bila kuaga. Binti yake alileta zile meka 2 asubuhi, zimefungwa mu kitambaa, akaomba tusimuambie mama yake.

Sasa, kumulipa nani? Tuliuliza mu mashirika ya parokia, tukauliza wauzaji wanaoenda Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi, vijana wakatuma sauti kwa telefone. Ilikuwa miezi miwili. Mama Mapasa alikuwa amekufa ku Mwene-Ditu mwaka wa 2006. Lakini pasa wa pili, binti, alikuwa amefuata bwana yake hapa Lubumbashi tangu 2012. Alikaa Ruashi. Kila siku ya posho anakuja kununua samaki mu soko ya Kenya, ku meza ya mumoja wa wamemba wetu, na wanagombana juu ya bei sawa watu wanaojuana. Miaka 12.

Mara ya kwanza alikataa kutupokea. "Munanitafuta juu ya nini? Mama alisha kufa." Tukarudia mara ya pili, wazee wawili tu, bila zawadi, bila kikwembe, na ile kaye mu mufuko. Alisimama nayo ku mulango. Alisoma jina ya mama yake, akapitisha kidole mu mustari mutupu, akasoma pembeni. Kiisha akatuambia tukae.

Alikuwa na miaka 11 wakati ule. Anakumbuka gare ya Likasi: mahema ya vipande vya plastiki, mvua ya kwanza, harufu, ndugu yake mudogo aliyekufa kwa kuhara mbele treni haijafika. Anakumbuka pia mama yake akiwaambia usiku, kuwanyamazisha juu ya njaa: "Mwezi wa kenda ni zamu yangu. Ba mama batakuja." Alisema vile bila kutuangalia, sawa mutu anayetoa bei. Hatukuwa na neno la kujibu. Alitupatia chai. Tulipotoka aliuliza sikukuu itakuwa siku gani.

Sikukuu ilikuwa mwezi wa munane, kiangazi, mavumbi na baridi ya asubuhi. Misa na sala za makanisa mengine zilimalizika mbele ya saa ine ya mchana, tukapanga mustari, bluu yote, tukazunguka avenue zetu mpaka ku soko na kurudia. Wauzaji walipiga bigelegele. Ku lupangu, wapishi walikuwa macho tangu usiku: bukari, sombe, lengalenga, samaki ya Luapula, mbuzi wawili. Umeme ulikatika kama kawaida yake na muziki ya masanduku ikanyamaza, lakini hatukusikitika, juu vijana wa karindula walikuwa pale na ile banjo yao kubwa ya ngozi ya mbuzi na pipa, ambayo haiulizi umeme. Mu waanzishaji 14, 5 wangali wazima. Wane walicheza, wa tano alikaa mu kiti cha magurudumu na kutoa amri.

Nyuma ya chakula tuliita majina ya waliokufa, kwa mupango wa kaye, kuanzia 1984. Kwa kila jina mutoto ao ndugu anajibu, "Tuko." Ni desturi yetu, tunaifanya kila sikukuu. Safari hii, kwa mara ya kwanza, jina ya Mama Mapasa ilikuwa ndani. Tulikuwa na wasiwasi. Binti yake alikuwa amekuja, lakini hakuvaa bluu. Tulimupelekea kipande cha kikwembe juma moja mbele, na alikirudisha kwa heshima. Alikaa ku mwisho wa benchi na gauni yake ya kila siku. Jina iliitwa. Ikakaa hewani kidogo. Kiisha akajibu, sauti ya kawaida: "Tuko."

Mama prezida alikuwa ametayarisha hotuba, na unga mu magunia mawili yaliyofungwa vizuri na utepe. Binti akatikisa kichwa.

"Apana, mama. Tupime."

Mutu akakimbia kuomba meka kwa muuzaji wa jirani. Sekretere wa leo, mujukuu wa yule wa zamani, alikunja mikono ya libaya yake, akakata utepe. Akajaza meka, akasawazisha yulu kwa kiganja, akamwanga mu gunia tupu. Binti akahesabu kwa sauti: moja. Akajaza tena. Mbili. Wapiga karindula waliacha wenyewe, bila kuambiwa. Watoto walisogea kuona mchezo ni gani. Ku kenda sauti yake ilikwama, akakohoa mavumbi ya unga, akaendelea. Mwenzetu aliyekataa kulipa alikuwa amekuja pia. Alisimama mbali, ku ukuta wa jikoni, na sisi tuliomuangalia tuliona midomo yake ikihesabu.

Kumi na nane.

Binti akafunga gunia kwa kamba, akavuta kuona kama inashika. Kiisha akageukia sekretere, uso wa muteja wa soko ya Kenya kabisa, mukono mumoja ku kiuno.

"Na matabishi iko wapi?"

Lupangu yote ikacheka, na yeye na sisi, na sekretere akajaza ya kumi na kenda, hii bila kusawazisha.